Ada ya Waya

Bili imekuja tena, na jina la juu ni lake:
Bwana Hezron Adagala, mteja wetu mpendwa.
Mteja mpendwa amelala nyuma ya nyumba
mwaka wa nne huu, chini ya saruji
ambayo deni lake nililimaliza juzi,
na hajawasha taa.

Mimi pia sikuwasha.
Miezi mitatu nilikuwa Kisumu, Finike kalazwa,
nikilala sakafuni kando ya kitanda chake.
Kabla ya kutoka nilizima kila kitu,
na ile swichi kubwa nikaishusha kwa kidole
kama unavyofumba jicho la mtu.

Narudi, buibui kajenga juu ya balbu,
panya kazalia ndani ya redio,
na kampuni inanidai.

Ada ya kila siku, siku tisini na mbili.
Siku ya mwanga, ada. Siku ya giza, ada.
Siku ya mvua ile ya mawe, nguzo ilipolala
juu ya migomba ya Mwalimu Chanzu
na kijiji kizima kikarudia koroboi:
ada.
Kisha mstari wa pili, wenye nyota: makadirio.
Mtu asiyewahi kufika langoni kwangu
amekadiria kwamba humo gizani nilipiga pasi.

Nikafunga kitambaa cha kanisani, nikashuka Mbale.
Foleni ya bahasha na vikohozi.
Mzee mmoja kaing'oa mita yenyewe,
kaiviringisha ndani ya shuka kama kichanga:
"Semeni nayo nyinyi. Mimi nimeshindwa."

Karani, kijana mpole, kucha safi:
"Mama, ada ni ya kuunganishwa.
Hata usipotumia, waya upo."
Nikamwambia, hata mawe ya Maragoli yapo,
yamenitazama tangu nilipoolewa,
na hayajawahi kuniletea bili.

"Mwenye akaunti ni Hezron. Aje mwenyewe."
"Akija," nikasema, "mtaniachia ofisi."
Foleni ikacheka. Yeye akainamia namba.
Akasoma. Akasoma tena.
Mita yangu, niliyoiandika kiganjani,
inaishia saba nne.
Bili inaishia nne saba.

Nne saba ni Igadwa, fundi wa kuchomelea,
pale njia panda.
Mwaka mzima mageti ya watu yametoa cheche
kwa pesa ya kuku wangu.
Na Jumapili ya mavuno, nakumbuka,
alisimama mbele kushuhudia:
Bwana amenipunguzia stima!
Tukaitika amina.
Yangu ilisikika hadi nje.

Jioni alikuja, kofia mkononi,
vumbi la chuma kwenye nyusi.
Hana pesa. Atanitengenezea mlango.
Nikamwambia aanze na kupima.

Kosa watalirekebisha, siku thelathini, alisema karani.
Ada itabaki. Ada haina kosa.
Akanisukumia fomu:
badilisha jina hapa, ambatisha cheti cha kifo.

Cheti ninacho, kwenye kopo la biskuti,
pamoja na risiti zote tangu waya ulipoingia,
usiku ule Hezron alipowasha na kuzima,
kuwasha na kuzima,
mpaka nikamwambia utaichosha.
Kalamu ninayo.

Lakini kanisa limeshamtoa kwenye daftari.
Kiwanda cha chai kimemfuta.
Namba yake ya simu sasa inapokelewa
na mwanamke wa Garissa, mwenye adabu,
anayeniambia pole kila nikikosea,
na mimi sikosei.
Ni kampuni tu, kila tarehe tano,
inayomwita kwa majina yote mawili
na kumhimiza asichelewe.

Nimepiga hesabu. Ada ya mwezi
ni sukari ya wiki mbili.
Chai ya mkandaa nayo hunyweka.

Fomu nimeibandika dirishani,
pale kioo kilipopasuka.
Inazuia upepo vizuri.