Ubao wa Godelieve

Ubao huu ni wa bei za supu.
Ila kila Machi naufuta, naandika timu:
Matofali, Benki, Bima, Maziwa,
wale Wadenmarki wa vifaa vya masikio,
na Waitalia ambao jina la mfadhili wao
hakuna ajuaye kulitamka hapa baani.
Siku sita za mbio, chaki moja,
kitambaa chenye maji begani.

Siku ya kwanza Matofali tukawa juu.
Nasema *tuka*, kwa kuwa tanuri lao liko nyuma ya kanisa
na nusu ya wanywaji wangu wana vumbi jekundu kopeni.
Firmin aliinunulia baa nzima bia,
Firmin, ambaye hata salamu huitoa kwa mkopo.
Nikaliandika jina letu kwa herufi kubwa,
nikalipigia mstari. Mara mbili.
Odiel akasema: punguza, chaki ni ya wiki nzima.

Siku ya pili, mvua. Hakuna kilichobadilika
ila soksi.

Siku ya tatu upepo ukaja kutoka ubavuni.
Asiyeijua nchi hii tambarare
hudhani adui ni mlima.
Upepo ulikatiza mashamba ya viazi,
ukakuta watu mia na hamsini wamebanana
kama punje kwenye gunzi,
ukalipukuchua gunzi.
Benki walikuwa wameungoja tangu asubuhi.
Wakajipanga mshazari, bega likilisitiri bega,
toka ukingo huu wa lami hadi ule,
na nyuma yao mlango ukafungwa.
Kapteni wetu, Lieven Stroobandt,
alikuwa amerudi garini kuchukua koti la mvua.
Koti la mvua!
Dakika nne na sekunde kumi na moja.
Baa ikanyamaza hadi nikasikia friji.
Nikashusha kitambaa begani.

Aliye juu mngojee chini: siku ya nne
Benki nao wakateleza kwenye barabara ya mawe,
watano kwa mpigo, kwenye kona ya kiwanda cha bia,
baiskeli za bei ya gari
zimelaliana kama uma kwenye beseni.
Firmin alicheka peke yake, kisha akaacha.
Wadenmarki juu. Bima juu.
Maziwa, niliowaandika chini kabisa
kwa sababu nafasi ilibaki pale,
wa tatu.
Stroobandt alipanda gari la timu bila kuvua helmeti.

Siku ya tano tulibaki na watu watatu.
Mmoja ni Wannes, mtoto wa Ampe fundi bomba,
mbeba chupa.
Miaka sita anashuka nyuma kuchukua maji,
anarudi mbele na chupa saba mgongoni,
akiwa ameinama, ameinama;
mtaka cha mvunguni huinama, wanasema,
lakini yeye aliwainamia wengine mvungu wao.
Siku hiyo hakukuwa na kapteni wa kunyweshwa.
Redio ya sikioni ilikuwa kimya.
Akaondoka.

Kilomita tisini, peke yake.
Akapita hapa. Tulitoka na glasi mikononi,
na sikumbuki nani alipiga kelele gani,
nakumbuka mate yaliyokauka kidevuni mwake
na mnyororo uliolia, kwiri, kwiri,
ukidai mafuta.
Walimkamata zikiwa zimebaki mita mia sita.
Akamaliza wa arobaini na moja.

Firmin akaniambia: mwandike.
Nikasema ubao ni wa timu na makapteni, sina safu.
Akasema: mwandike, mama wee.
Nikamwandika pembeni, nikiikandamiza chaki
mpaka ikavunjika.

Siku ya sita Maziwa walishinda kwa sekunde sita.
Hakuna hapa aliyewahi kuyanywa maziwa hayo.
Matofali wa kumi na moja,
na kwenye lango la kiwanda karatasi yenye muhuri:
tanuri litazimwa Juni, timu pia.

Jumatatu nilifuta. Nikaandika supu.
Wannes akaingia, akauliza ya liki ni bei gani.
Iko nyuma yako, nikamwambia.
Akageuka, akasoma,
akasoma muda mrefu kuliko bei inavyohitaji,
kwa sababu chini ya neno *liki*
lile jina lilikuwa limegoma kutoka.

Akakaa.
Akaomba chumvi.