Fundi wa Pampu Aelezwa Moyo

Daktari Nakibuule alichora moyo nyuma ya risiti yangu ya basi,
vyumba vinne, milango minne,
akaweka ncha ya kalamu pale panapovuja.
"Mzee Candia, damu inasukumwa mbele, kisha inarudi ilikotoka."
Nikasema: hilo nalijua.
Miaka ishirini na sita nafungua visima vya Terego.
Ukisukuma mpini na maji hayaji,
mara nyingi kisima hakijakauka;
vali ya chini imeshindwa kuyashika.

Akanitazama upya.

Hakuniuliza habari za koo.
Nilijiuliza mwenyewe, kwenye benchi la Mulago:
Ayikoru ana miaka minane, koo limevimba,
nampa maji ya chumvi, nampeleka shule.
Kisha magoti yanauma, leo hili, kesho lile.
Tunasema anakua.
Kumbe homa ilikuwa njiani kwenda moyoni,
ikakunja kingo za mlango
kama ngozi mbichi iliyosahauliwa juani.
Leo ana ishirini. Anatua dumu mara tatu
kutoka kisimani hadi nyumbani,
kisima nilichokitengeneza mimi,
na usiku analala ameketi.

Daktari akavuta droo.
Ya kwanza: pete, na ndani yake mabawa mawili ya kaboni, meusi,
yakijifunga hulia kama ukucha juu ya sahani.
"Hii yaweza kudumu kuliko mwenyewe.
Lakini damu huiona mgeni, hutaka kuganda juu yake.
Atameza warfarini kila siku ya maisha yake,
damu ipimwe, ipimwe tena,
isiwe nzito, isiwe maji.
Hata osubi ataila kwa kipimo.
Na akishika mimba, dawa hiyo ni hatari kwa mtoto."

Ya pili: laini, rangi ya maziwa yaliyolala,
vipande vitatu vya mfuko wa moyo wa ng'ombe
vilivyoshonwa kwa uzi ambao macho yangu hayakuuona.
Haina mlio. Kidonge, pengine miezi michache tu.
"Ila huchakaa, na kwa kijana huchakaa upesi.
Miaka kumi, labda zaidi, labda pungufu,
tutafungua kifua tena."

Mimi ni fundi. Nikasema: ile nyeusi.
Nimewahi kutoa mabomba kumi na tano, moja moja,
kwa ajili ya washa ya ngozi isiyojaza kiganja.
Hakuna afunguaye kisima mara mbili kwa kupenda.

Ayikoru alikuwa ameshika ile ya ng'ombe kwa vidole viwili,
anaipuliza taratibu, aone inavyofunguka.
"Baba, kufika wanakopima damu
ni nauli ya nusu mbuzi, kwenda tu.
Kila mwezi utauza nusu ya mbuzi gani?"
Daktari akacheka. Mimi sikucheka.
"Na nataka mtoto."
Alisema hivyo kama anayetaja bei asiyoipunguza.
"Halafu wewe, kisima kikiharibika, hukilaani.
Unarudi na spana."

Walimsimamisha moyo.
Sikujua kitenzi hicho kinaweza kutumika kwa mtu aliye hai.
Saa nne na dakika kumi damu yangu, yaani yake,
ilizunguka ndani ya mashine,
nami kwenye korido nilihesabu vigae,
nikapotea kwenye mia mbili, nikaanza upya.

Sasa ana mshono wima, anauficha kwa skafu siku za Jumapili tu.
Jana nilimtegea sikio mgongoni kama mwizi mlangoni.
Kimya, kisha pigo, kisha kimya.
"Unasikiliza nini? Hailii hiyo."

Ninalo daftari la matengenezo, limelowa grisi:
Leju, washa, Februari.
Katrini, mnyororo, Februari.
Ayikoru, vali, Machi.
Kuna safu ya tarehe ya kurudi.
Kwa visima huwa naijaza palepale.