Saa Ishirini

Shule ilinidai saa ishirini za kujitolea
kabla ya cheti. Nilikuwa na miaka kumi na sita
na viatu vyeupe.
Mwalimu Maarika akanipa ndoo ya bluu,
kizibao cha rangi ya chungwa kinachong'aa taa zikikipiga,
na tochi yenye betri za kuombewa dua.
"Barabara ya Sooküla," alisema. "Saa mbili usiku,
mvua ikinyesha. Isiponyesha, hawatoki."

Hawatoki akina nani?

Vyura.

Nikacheka. Uku naye akacheka, akaipiga picha ndoo tupu,
akawatumia wajanja waliochagua maktaba.

Theluji chafu bado ilikuwa imejibanza mitaroni.
Upande huu msitu, walimolala tangu Oktoba
wakiwa baridi kama mawe;
upande ule bwawa walilozaliwa.
Katikati, lami.
Bibi zao walipovuka, lami haikuwepo,
na hakuna aliyewapelekea habari.

Wa kwanza nilimshika kwa vidole viwili,
kama mtu anayeokota noti iliyoangukia chooni.
Alikuwa mzito kuliko nilivyodhani.
Koo lake likapiga, likapiga,
mdundo mdogo usiojua
kama nimekuja kumla au kumvusha.

Liisbet, yule wa safu ya nyuma,
ambaye darasani hujibu kwa mabega,
ndiye aliyesema: huyo mkubwa ni jike,
aliyempanda mgongoni ni dume,
usiwatenganishe, wabebe hivyo hivyo.
Alisema sentensi nzima.
Kisha nyingine.
Tukasimama mvuani tukimsikiliza
kama watu waliogundua chumba kipya nyumbani kwao.

Usiku wa kwanza, arobaini na mmoja.
Wa pili, mia mbili na tisa, mgongo ukaniuma kama mzee.
Wa tatu mvua iligoma; tulikaa garini kwa Mwalimu
tukala mkate mweusi na dagaa wa kopo,
vioo vikaingia ukungu, na Uku akasimulia habari za baba yake,
jambo ambalo hatukumwuliza.

Wa nne likaja lori la magogo.
Nilipunga tochi. Betri zile.
Dereva alipiga honi ndefu, akapita,
na baada yake barabara ilikuwa na sauti ya maji tu.

Fomu ilikuwa na safu mbili.
Uku ndiye aliyejaza ile ya pili,
akiinama juu ya kila mmoja, kalamu ikilowa.
Safari hii hakupiga picha.

Wahenga wanasema kelele za chura
hazimzuii ng'ombe kunywa maji.
Sawa. Nani amebisha?
Ila usiku ule niliuwaza mwaka usio na kelele,
ng'ombe kainamisha shingo, anakunywa,
anakunywa,
na hajui kwa nini leo anageukageuka nyuma.

Sikugeuka mtu mwema, msinielewe vibaya.
Niliendelea kumdanganya mama kuhusu sigara,
na hesabu nilifeli, za vyura tu ndizo zilizotimia.
Usiku wa sita Mwalimu alitia sahihi: saa ishirini, kamili.
Asante, unaweza kurudisha ndoo.

Wa saba ikanyesha.
Nilikuwa kitandani, soksi kavu, simu mkononi.
Nikasikia matone kwenye bati la kibanda cha kuni,
moja, mawili, kisha yote.
"Unakwenda wapi?" mama aliuliza. "Saa zako si zimeisha?"
Sikuwa na jibu. Nilikuwa nimeshavaa viatu,
ambavyo rangi yake hakuna aliyeikumbuka tena.
Kufika Sooküla, nikaona tochi mbili tayari
zikiyumba chini, polepole, kando ya lami.

Siku hizi naendesha gari langu.
Aprili, usiku, mvua ikianza,
napunguza mwendo, hata katikati ya mji,
mahali ambapo bwawa la karibu ni chemchemi ya benki.
Walio nyuma yangu wananipigia honi.