Madai Madogo

Mbele yangu kuna kesi ya mbuzi,
mbele ya mbuzi, kodi ya kinyozi wa Maweni.
Karani ananiuliza jina.
Mbeyu Karisa, nasema. Mdai.
Neno hilo sijalizoea;
kwetu, tangu utotoni, sisi ndio tunaodaiwa.

Dai langu ni shilingi elfu sitini na nane.
Kwa hesabu ya mama ni makuti elfu tatu na mia nne,
aliyoyashona uani kwetu Ganda, kila moja ishirini,
mpaka ukindu ukamchora viganjani
mistari ambayo hakuzaliwa nayo.
Kwenye fomu hakuna kisanduku cha makuti.
Nimeandika fedha.

Chuo kilikuwa juu ya duka la vipuri,
kibao chake kina bendera ya Italia na kofia ya mpishi.
Diploma, miezi kumi na miwili. Jiko la kisasa.
Kazi Watamu, uhakika.
Jiko tulilipata: lilichorwa ubaoni kwa chaki,
milango miwili, vitufe sita.
Mwalimu Kitsao aligusa kitufe cha tatu
akasema, sasa lina moto, msikaribie.
Tulicheka. Mwezi wa pili tulicheka kidogo.
Mwezi wa tano mtu alifuta ubao, tukakosa hata hilo.

Vikabaki vitambaa vya mezani.
Namna kumi na moja za kukunja:
feni, bahasha, yungiyungi, kofia ya askofu, bata,
nyingine nimezisahau kwa jina, mikono haijazisahau.
Kitsao naye hakuwa akilipwa.
Aliondoka Ijumaa moja na chaki zake.

Wenzangu kumi na wanne walisema watakuja.
Nyevu ameahidiwa cheti akinyamaza.
Dhahabu ameolewa Mambrui, mumewe hataki mambo ya korti.
Wengine simu hazishiki.
Nina risiti tatu, moja ya penseli.

Mkurugenzi amekuja na faili nene
na shati lililopigwa pasi hadi kwenye kwapa.
Anasema mwanafunzi alifundishwa. Anasema utoro.
Anasema jiko lilikwama bandarini, ushuru, Mheshimiwa, ushuru.
Mimi nasikiliza. Mikono yangu haisikilizi.
Ghafla anakatiza maneno yake, ananinyooshea kidole:
"Mtazame! Hayo nayo, nani alimfundisha?"

Natazama mapajani.
Nakala yangu ya madai imekuwa bata,
shingo imesimama,
mkia umechanua kuliko siku ya mtihani.

Chumba kinacheka, hata mwenye mbuzi.
Machozi yanafika mlangoni, nayarudisha.
Nasimama.
"Ni kweli, Mheshimiwa. Hilo walinifundisha.
Litolewe kwenye hesabu.
Aseme tu, bata mmoja ni shilingi ngapi?"
Mkurugenzi anafungua faili. Anaifunga.

Hakimu anasema, lete.
Karani anampelekea kwa mikono miwili,
kana kwamba ataruka.
Anamkunjua bawa, anamkunjua shingo,
anailaza karatasi mezani na kuinyoosha kwa kiganja,
polepole, kama mtu asiye na kesi nyingine siku hiyo.
Mkunjo mmoja umepita juu ya jumla,
katikati ya sita na nane.
Anavaa miwani.
Tarakimu zinasomeka.