Meno ya Mnara

Kila Novemba, juma moja kabla ya sala ya mashujaa,
kamati hunipa kopo la rangi nyeusi, soda moja,
na maneno yaleyale: Herufi tu, Kadzo. Usitie madoido.

Nami hupiga magoti kwenye ua wa kanisa,
mkilifi ukinidondoshea matunda mgongoni,
nikamjaza rangi Luteni Aldous Frayne
aliyekufa kwa homa kabla hajaiona vita,
nikamjaza Kapteni Corbould,
na ndugu wawili wa shamba la pamba ng'ambo ya Sabaki
ambao jina lao la ukoo lilikosewa, likafutwa, likachongwa upya,
na hapo jiwe limebonyea kama shavu la mgonjwa.

Nyuso tatu za mnara ni zao.
Uso wa nne, ule unaotazama choo,
una mstari mmoja: NA WAPAGAZI WAO.
Herufi kumi na tatu. Dakika saba za kazi.
Wao. Kama usemavyo vikombe vyao,
viatu vyao.

Mnara ni wa matumbawe. Marumaru iliagizwa,
daftari la kanisa linasema, ikazama au ikauzwa njiani,
mwandiko hausomeki.
Basi likachimbwa jiwe la hapahapa, likiwa bado laini,
likaachwa juani mpaka likakaza,
likapakwa chokaa iliyochomwa kwa magogo ya mkoko.
Mchoro ulitoka kwa mhandisi wa bandari:
ngazi tatu, nguzo ya kuchongoka, msalaba mdogo juu.
Chini ya ngazi hakuchora kitu.

Lakini chini ya ngazi kuna meno.
Pembetatu ndogondogo, safu juu ya safu,
zimezunguka kitako chote kama ushanga kiunoni.
"Pambo la fundi," kasisi mmoja aliniambia,
nami nikaamini miaka kumi na mmoja,
mpaka mwaka huu nilipoyasugua kuvu kwa mswaki mkuukuu
na vidole vikakumbuka kabla ya kichwa.

Kigango.
Ndivyo mti wa kigango unavyochanjwa.
Kwa babu, kule Marafa, vilisimama vitatu nyuma ya zizi,
vimefungwa vitambaa, vikinywa tembo kabla yetu.
Asubuhi moja tukakuta mashimo matatu.
Wanasema viko ng'ambo, kwenye sebule ya mtu,
vimewekewa taa.

Nikarudi kwenye daftari.
"Thoya, boi wa chokaa, rupia mbili."
Jina la baba hakuna. Haikuandikwa kama alikuwa na kaka
aliyevishwa kibati cha namba shingoni
akatembezwa hadi Rufiji chini ya gunia la unga
asiloruhusiwa kulifungua.

Nikayahesabu meno. Mia moja na themanini na tatu.
Nikarudia. Mia moja na themanini na sita.
Upande wa bahari chumvi imeyala,
jino na pengo havitofautiani tena.
Nikatafuta idadi ya waliochukuliwa:
"kama mia mbili."
Kama.

Jioni mweka hazina, Bwana Lewa, akaja kukagua.
"Umemaliza?"
Herufi nimemaliza, nikamjibu.
Akaliinua kopo, akalipima uzito.
Akatazama kitako cha mnara, kisha saa yake.
"Iliyobaki ni ya mwakani," akasema, akaenda zake.

Sikuyapaka rangi.
Thoya aliyaweka pale
ambapo mtu hayaoni asipopiga magoti,
na mwizi hawezi kung'oa
bila kuangusha kanisa lao lote la mawe na majina.

Tembo sikuwa nalo.
Nilikuwa na nusu chupa ya soda ya machungwa, imeshapoa pumzi.
Nikaimwaga chini, pale safu inapoanzia,
au inapoishia, sijui.
Sisimizi walifika wa kwanza.