Hodi, Ibra

Saa sita mchana. Kwetu saa hii watoto huitwa ndani.
Jua la Ibra limenikaa utosini kama mtungi,
simu imebaki asilimia tisa,
maji ya chupa yamekuwa ya kuogea maiti.
Muhenna, mtoto wa shangazi, ametangulia,
kanzu yake nyeupe inaumiza macho.
Kiswahili chake amekirithi kwa bibi yake:
maneno ya jikoni, na ya kugombeza.

"Nyumba ya babu yetu hii. Zamani sana."
Akanitajia babu, na baba wa babu,
bin huyu bin yule bin yule,
ngazi isiyokatika hata kipago kimoja,
mpaka jina la farasi analo.
"Na bibi?"
"Bibi?" Akapangusa jasho. "Bibi alikuwepo."

Ghorofa ya juu imeiangukia ya chini.
Boriti zina nakshi nyekundu, bado mbichi
kama zilichorwa juzi na mtu mwenye haraka.
Mashubaka matano ukutani, manne matupu,
la tano lina kopo la soda.
Sikuja kutafuta mtu, ieleweke hivyo.
Nilikuja kwa kuwa ilikuwa Ijumaa,
na shangazi alisema nisirudi Tanga bila ya kuiona.

Lakini mlango ni mlango,
hata ukibaki fremu na misumari.
Nimelelewa Pangani; mama hakunilea
niingie kwa watu kama upepo.
Mdomo ukaiwahi akili:
"Hodi."

"Karibu."

Haukuwa mwangwi. Mwangwi hurudisha ulichoupa,
haukujibu.
Ilikuwa sauti ya mwanamke asiyeinua kichwa,
mtu ambaye mikono yake ina kazi,
na chini ya sauti hiyo: kwaru, kwaru, kwaru.

Muhenna akageuka. "Umesikia?"
"Nimesikia."
"Mbuzi," akasema. "Wanaingia humu kukimbia jua."

Ni mbuzi, kweli.
Ila si yule wa kula majani.
Ni ile yenye ulimi wa chuma,
ile inayokaliwa, inayokunwa juu yake
nazi baada ya nazi, na yenyewe haishibi.
Na harufu ikaja, tui la kwanza, zito,
katika bonde la mitende,
mahali ambapo mnazi haujaota hata kwa kukosea.

Vinyweleo vikanisimama. Mate yakanijaa.
Aibu gani hii,
kuogopa na kuona njaa kwa pumzi moja!

Nilitaka kuuliza: mwenzangu, nani?
Ulivushwa ukiwa na miaka mingapi?
Ulikuwa nani kabla hawajakubandika
jina la kiungo, au la bahati,
Zafarani, Mabruka, Saada,
jina la kuitikia tu, lisilo na bin wala binti mbele yake?
Na huyu anayehesabu mababu hapa,
na mimi ninayemsikiliza,
tumbo gani lilitubeba?
Ulimi ukawa jiwe. Kilichotoka ni hiki,
salamu ya mtu aliyetoka safari:
"Wa Pangani hawajambo."

Kukuna kukakoma.

Nimekaa na misiba, nimelala hospitali,
sijakutana na kimya kama kile.
Kimya cha mtu aliyeshika kifuu nusu,
anawahesabu wa kwao, mmoja mmoja,
na hajafika mwisho.

Muhenna akapiga makofi kuwafukuza mbuzi.
Hakutoka mbuzi.
Akanitazama kidogo, akatazama saa,
akasema gari lipo juani.

Usiku, Sib, shangazi akapakua wali.
Tui la kopo, lakini lilivyokazwa,
lilivyoachwa likaushike ukoko pembeni tu,
si mapishi ya nchi hii.
Nikamuuliza nani alimfundisha.
"Mama."
Na mama yake?
Akalamba mwiko, akafikiri,
akafunika sufuria.
"Sisi tumeikuta tu," akasema. "Kula."