Kung'oa Viti, Buffalo

Nalipwa kwa kiti, si kwa saa.
Dola mbili kwa kila kiti kilichong'oka na miguu yake yote,
na Sinema ya Lorraine ina viti elfu moja mia moja na arubaini,
kwa hiyo usiniulize habari za dari.
Dari nimeiona. Malaika wa plasta, mmoja hana kichwa,
na maji ya theluji yanamtoka shingoni.

Zamani watu walikuja hapa na bisi.
Mimi nimekuja na bisibisi.
Nacheka peke yangu; wa kunielewa ni Bahati wa Uvira tu,
naye ameziba masikio kwa ajili ya msumeno.

Chini ya viti meno yameacha kumbukumbu:
ubani wa kutafuna, umekauka kama kokoto,
safu ya M pekee nimehesabu mia na ushei.
Glavu ya mtoto, ya kushoto.
Kipande cha tiketi, senti kumi.

Bi Lucille Wojtanek huja saa nne na fimbo yake ya chuma.
Bima haimruhusu kuingia, basi husimama mlangoni
akinielekeza kwa kelele:
"Kinanda kilikuwa kulia. Kulia! Kulia kwako!"
Babu yake ndiye aliyekipiga enzi za picha bubu:
alipiga radi, alipiga farasi, alipiga busu,
alipiga hata mlango kufungwa.
Kisha picha zikaota ulimi,
na Ijumaa moja babu akapewa mkono na bahasha.

Miaka ya njaa, kila Jumanne, ukilipa kiingilio unapewa chombo:
leo kisahani, wiki ijayo kikombe,
kijani cha pera bichi.
Mama yake alikusanya seti nzima, Jumanne arubaini na moja,
kasoro bakuli la sukari.
Jumanne ya bakuli alikuwa hospitali.
"Alikuwa akinizaa mimi," anasema Bi Lucille,
kama mtu anayedaiwa.

Kuna ngazi ya pembeni, nyembamba,
inapanda moja kwa moja mpaka roshani ya juu kabisa.
Haina kibao. Haikukihitaji.
Nilipomuuliza, Bi Lucille alitazama barabara
akasema basi limechelewa.
Aliyenijibu ni Thaddeus Gaines, fundi wetu wa umeme,
huku akikata waya:
"Bibi yangu hakukosa picha hata moja hapa.
Wazungu wa mtaa huu aliwajua kwa utosi."

Halafu barabara kuu ikapasua mtaa,
wenye magari wakahamia kwenye nyasi zilizokatwa,
televisheni ikawafuata kama paka.
Lorraine ikabaki na ngumi za Hong Kong,
halafu picha za wanaume wenye kofia, wasiotazamana,
halafu mazulia, halafu kanisa,
halafu njiwa.

Siku hizi sinema iko nyuma ya duka la matairi:
kumbi kumi na sita, viti vinalala kama vitanda vya wodi.
Nilimpeleka binti yangu. Tulikuwa watu watano.
Simu yake ilimmulika kidevu mwanzo mpaka mwisho.
Nikakumbuka kibanda cha video Kigoma,
jenereta, jasho la watu sitini,
na yule jamaa wa kipaza sauti
akitutafsiria aliyoyajua na asiyoyajua.
Tulibishana naye mpaka nyumbani.

Jana, chini ya jukwaa, kreti.
Majani makavu, magazeti, vigae vya mabakuli,
na mfuniko mmoja, mzima.
Nikaufuta kwa shati, nikampelekea mlangoni.
Akaugeuza. Akauinua kwenye mwanga wa theluji.
"Kijani chenyewe si hiki," akasema.

Akautia mfukoni.

Zimebaki safu nne. Bahati anauliza kama viti vibovu
navyo vinahesabiwa.